Pima Kwanza, Laumu Baadaye

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, wilaya za Tarime na Serengeti

Leo tutajifunza habari za rangi na namna ya kuzipima. Pengine mmoja wenu atauliza, "Rangi nayo hupimwa?" Naam, hupimwa, kama pamba inavyopimwa kwa mizani na kitambaa kwa mita. Na kama mizani mbovu inavyomtia hasara mkulima, ndivyo kipimo kibaya cha rangi kinavyomtia hasara mwenye duka la kupiga chapa.

Maduka hayo mnayajua. Yako Tarime mjini, yako Sirari mpakani, yako Mugumu. Humo hutengenezwa picha za pasipoti, kadi za harusi na mabango ya mikutano. Siku ya msiba watu huleta picha ndogo ya marehemu ikuzwe, iwekwe mbele ya jeneza. Sasa fikirini: picha ile itoke na uso wa kijani kijani, na mazishi ni kesho. Wafiwa watasema nini?

Mwenye duka husema, "Mashine yangu ni mbovu." Hununua wino mwingine, hubadili karatasi, humwita fundi. Fedha zinakwisha, na uso bado ni wa kijani. Huenda mashine haina kosa. Huenda kilichokosea ni kipimo.

PROFAILI NI NINI?

Kila printa ina tabia yake. Ukiziagiza printa mbili rangi moja ya kahawia, ya kwanza itatoa kahawia yenye wekundu, na ya pili kahawia yenye ukijani. Ni kama saa ya ukutani inayotangulia dakika 5. Ukijua ya kwamba saa hiyo hutangulia dakika 5 kila siku, haitakudanganya. Utatoa 5, na utapata saa ya kweli.

Profaili ya rangi ni ujuzi wa namna hiyo. Ni faili ndani ya kompyuta lenye kueleza ya kwamba printa hii, kwa wino huu na karatasi hii, ikiagizwa rangi fulani hutoa rangi fulani. Kompyuta ikiyajua hayo, hurekebisha maagizo kabla ya kuyapeleka kwenye printa.

Profaili hutengenezwa hivi. Kwanza, printa hupiga chapa karatasi ya majaribio yenye miraba midogo mingi ya rangi mbalimbali. Pili, kila mraba hupimwa kwa chombo tutakachokiita kipima-rangi. Chombo hiki huumulika mraba kwa taa yake, kisha hupima mwanga unaorudi. Tatu, kompyuta hulinganisha rangi iliyoagizwa na rangi iliyotoka, ikaandika profaili.

Majibu ya kipima-rangi ni tarakimu. Mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mambo ya mwanga, iitwayo CIE, ilikubaliana njia ya kueleza rangi kwa tarakimu. Mwaka 1976 tume hiyo ikatoa utaratibu uitwao Lab, ambao hutumika mpaka leo. Herufi L huonyesha weupe: 0 ni nyeusi kabisa, na 100 ni nyeupe kabisa. Herufi a huonyesha kama rangi inaelekea kwenye wekundu au kwenye kijani. Herufi b huonyesha kama inaelekea kwenye manjano au kwenye buluu. Kwa tarakimu hizo 3, mtu wa Mugumu na mtu wa Japani wataelewana juu ya rangi moja bila kuonana.

Lakini angalieni. Saa inayotangulia dakika 5 leo, na kesho ikachelewa dakika 7, haina msaada. Kipimo kinachobadilika badilika nacho hakiwezi kutoa profaili njema. Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu printa, hapana budi kukijaribu kipimo.

JARIBIO LENYEWE

Chukua karatasi ya majaribio. Pima safu moja, andika majibu. Kisha pima safu ile ile mara ya pili, ukaandike tena. Tuseme mraba mweupe umetoa L ya 95 mara ya kwanza, na 91 mara ya pili. Toa 91 katika 95: imebaki 4. Karatasi haikubadilika, wala wino haukubadilika. Basi kosa limo katika upimaji, si katika printa. Kama majibu yamepishana kwa sehemu ndogo tu ya 1, upimaji umetulia.

VIPIMO VISIPOKUBALIANA

Kwanza tazama mkono wako. Kipima-rangi cha kuburuta kwa mkono hutaka mwendo wa polepole na wa namna moja, tena kifuate rula bila kwenda upande. Ukikikimbiza, huchanganya mraba na jirani yake. Hakikisha pia ya kwamba umesoma safu inayotakiwa, tena kuanzia upande unaotakiwa. Tuseme karatasi ina miraba 400, na kila safu ina miraba 20. Ukibadilishana safu ya 7 na ya 8, umeharibu miraba 40, yaani sehemu moja katika kumi ya kazi yote. Baadhi ya programu hutoa onyo, na onyo hilo lisipuuzwe.

Pili, tazama karatasi. Wakati wa mvua karatasi hunyonya unyevu ikajikunja. Kipima-rangi hakilali sawasawa juu yake, na mwanga wa mlangoni huingia chini yake. Inyoshe karatasi, na ufanye kazi mbali na jua.

Tatu, tazama mdomo wa chombo. Vumbi la kiangazi mnalijua. Likikaa kwenye tundu la kupimia, hupunguza mwanga. Liondoe kwa pampu ndogo ya upepo. Usitumie maji, wala usichokonoe kwa njiti.

VIPIMO VIKIKUBALIANA NA KUKOSEA PAMOJA

Mashahidi wawili wanaweza kukubaliana, kumbe wote wamefundishwa uwongo mmoja. Vipimo navyo ni hivyo hivyo. Kuna mambo matatu ya kukagua.

La kwanza ni kigae cheupe. Kipima-rangi huja na kigae chake, na kabla ya kazi hukitazama ili kijue weupe ni nini. Ni kama mwenye mizani anavyotazama mshale usimame kwenye 0 kabla ya kuweka mzigo. Kigae kikiwa na alama za vidole au vumbi, chombo hudhani uchafu ule ni weupe, na vipimo vyote vinavyofuata huharibika. Kifute kwa kitambaa laini kisicho na mchanga, kisha uanze upya. Tena usiazime kigae cha chombo kingine. Kila kigae kina namba ya chombo chake.

La pili ni meza. Karatasi nyembamba hupitisha mwanga. Ukiiweka juu ya meza ya mbao, chombo hupima karatasi pamoja na mbao iliyo chini. Tandika karatasi kadhaa nyeupe chini yake, na utandike vivyo hivyo kila unapopima.

La tatu ni karatasi inayong'aa. Karatasi nyingine hutiwa dawa ya kuzidisha weupe. Dawa za jinsi hiyo zimo pia katika sabuni nyingi za unga, ndiyo sababu shati jeupe lililofuliwa hung'aa juani. Dawa hiyo hupokea mwanga wa jua tusiouona kwa macho, ikautoa kama mwanga wa buluu. Kipima-rangi huweza kudhani karatasi yenyewe ni ya buluu. Kompyuta nayo, ikitaka kuiondoa buluu hiyo, huzidisha manjano, na picha zote hutoka za manjano. Kama chombo chako kina namna ya kupima bila mwanga huo usioonekana, itumie. Kama hakina, tafuta karatasi isiyong'aa mno.

KARATASI YA MAJARIBIO IKIWA MBOVU

Ikiwa upimaji ni safi na picha bado ni mbaya, sasa rudi kwenye karatasi ya majaribio.

Je, wino ulikuwa umekauka? Wino wa maji huendelea kubadilika rangi baada ya karatasi kutoka. Ukiweza, iache mpaka kesho yake. Kidole kinaweza kusema wino umekauka, na rangi ikawa bado haijatulia.

Je, kuna mistari meupe inayokata miraba? Basi matundu ya wino yameziba. Safisha kwanza, kisha upige chapa karatasi nyingine. Usipime karatasi yenye mistari, kwa maana utaifundisha kompyuta ugonjwa wa siku moja kana kwamba ni tabia ya printa.

Je, ulizima marekebisho ya rangi ulipopiga chapa karatasi ya majaribio? Hili huwapotosha wengi. Karatasi hiyo yataka kuonyesha tabia ya printa kama ilivyo. Printa ikijirekebisha yenyewe, utapima urembo wake badala ya uso wake. Na baadaye, utakapotumia profaili, marekebisho hayo yabaki yamezimwa. Rangi iliyorekebishwa mara mbili huharibika.

Mwisho, je, aina ya karatasi na ubora uliochagua kwenye kompyuta ni vile vile siku zote? Profaili ni ya printa moja, wino mmoja, karatasi moja na mpango mmoja. Ukinunua wino wa kampuni nyingine, profaili ya zamani imekwisha kazi yake.

KUHAKIKISHA KAZI

Profaili mpya ikiwa tayari, piga chapa picha moja yenye nyuso za watu, yenye kijivu kitupu, na yenye bendera ya Taifa letu, ambayo tangu mwaka 1964 ina kijani, manjano, nyeusi na buluu. Kijivu ni shahidi mkali: kikiegemea rangi yoyote, bado kuna kosa. Usiitazame picha chini ya turubai la buluu au la kijani la sokoni, kwa sababu mwanga unaopita humo umekwisha tiwa rangi. Toka nje, itazame kivulini mchana.

Ndugu wasikilizaji, mizani ya kununulia mazao yetu ina Wakala wa Vipimo wa kuikagua. Kipima-rangi cha dukani hakina mkaguzi anayepita. Mkaguzi ni wewe mwenye kazi, na silaha yako ni daftari na kalamu. Andika tarehe, jina la karatasi, aina ya wino, mpango uliochagua, na majibu ya mraba mweupe. Mwezi ujao rangi zikigeuka, utafungua daftari, utapima mraba ule ule, utatoa tarakimu hii katika ile. Ndipo utakapojua kilichobadilika kabla ya kutoa shilingi mfukoni. Kusoma, kuandika na kuhesabu mnakojifunza hapa kuna kazi ya kufanya hata katika duka la kupiga chapa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini saa inayotangulia dakika 5 kila siku ni afadhali kuliko saa inayobadilika badilika?
2. Mraba mmoja umetoa L ya 62 mara ya kwanza na 57 mara ya pili. Tofauti ni ngapi? Utakagua nini kwanza?
3. Karatasi ina safu 15, na kila safu ina miraba 20. Ina miraba mingapi? Safu mbili zikibadilishana, ni miraba mingapi iliyoharibika?
4. Taja kosa moja ambalo kupima mara mbili hakuwezi kulifichua. Utalitambuaje?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.