KAMERA SHAMBANI: FILAMU NA VITA VYA TABIANCHI

Wahenga walinena kuwa kuona ni kuamini. Habari za mabadiliko ya tabianchi twazisoma katika Jiografia, twazijibu kwenye mtihani, kisha basi, twazisahau. Lakini mtu akiona paa la nyumba ya mkulima limeng'olewa na dhoruba, hilo hasahau upesi. Hapo ndipo penye nguvu ya filamu ya hali halisi, na ndiyo maana nimeishika kalamu yangu.

Kwanza, filamu ya aina hii ni ipi? Si mchezo wa kuigiza. Watu tunaowaona ni wenyewe, shamba ni lao, machozi ni yao. Hata hivyo, si kila kilichopigwa picha huonyeshwa. Mtengenezaji hurekodi saa nyingi, kisha huketi akachagua vipande vichache na kuvipanga. Kwa hivyo kamera yenyewe haidanganyi, ila anayechagua vipande aweza kudanganya! Ukweli wa filamu hutegemea uaminifu wake.

Mfano mzuri tunao hapa hapa Kenya. Kisilu Musya ni mkulima wa Mutomo, Kitui. Julia Dahr, mtengenezaji filamu kutoka Norway, alimpa kamera ili ajirekodi mwenyewe. Kwa muda wa miaka mitano Kisilu alirekodi jamii yake, ukame, mafuriko na dhoruba iliyoharibu nyumba yao. Aidha, alionekana akiwahimiza majirani kuungana na kupanda miti. Filamu hiyo, Thank You for the Rain, yaani "Ahsante kwa Mvua", ilitoka mwaka wa 2017.

Mbona miaka mitano yote? Kwa sababu mvua kubwa ya siku moja ni hali ya hewa tu. Tabianchi ni mwenendo wa hali ya hewa kwa muda mrefu, na wataalamu huupima kwa kipindi cha miaka 30 hivi. Kamera peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa dunia inapata joto. Hiyo ni kazi ya vipimo. Kazi ya kamera ni kuonyesha mzigo unamwangukia nani. Vipimo bila watu havimgusi mtu moyo, na watu bila vipimo hawaaminiki.

Mwezi wa Desemba 2015 Kisilu alifika Paris, Ufaransa, kwenye mkutano mkuu wa tabianchi. Huko mataifa yalikubaliana joto la dunia lisifikie nyuzi 2 zaidi ya lilivyokuwa kabla ya enzi ya viwanda, na yajitahidi lisipite nyuzi 1.5. Kenya hutoa sehemu ndogo sana ya gesi zinazoleta joto hilo. Naye mkulima wa Mutomo ndiye anayeezuliwa paa! Jambo hilo ndilo lililompeleka mbali hivyo kuzungumza.

Mwenzangu utaniuliza: Kitui ni kwa ukame, sisi wa Kisii na Nyamira tuna mvua, filamu ya nini? Hebu tuutazame mto Gucha. Unaanzia vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, unapita Kisii na kuelekea Ziwa Victoria. Kando ya vijito vyake imesimama mikaratusi. Sababu tunazijua. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande. Mkaratusi hukua haraka, hutoa nguzo na mbao, na kuni zake huchomwa viwandani kukausha chai. Taabu ni kwamba mti huu hunywa maji mengi mno. Mwaka wa 2009 John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira, aliamuru ing'olewe kando ya mito na chemchemi. Mimi naiona bado.

Sasa chemchemi ikipungua, tumlaumu nani? Tukisema ni tabianchi tu, mwenye mikaratusi atapona. Tukisema ni mikaratusi tu, mataifa yenye viwanda vikubwa yatapona. Na tusisahau kwamba wengi wetu karo yetu imetoka kwenye miti hiyo hiyo. Filamu ya kweli haina budi kumpa nafasi yule mzee aeleze kwa nini aliipanda, tena bila kumfanya mwizi wa maji.

Chama chetu chaweza kuanza na simu moja tu ya mwalimu. Tuchague chemchemi moja, tuirekodi kila mwezi tukisimama pale pale, na tarehe tuiandike. Tuweke mtungi wa lita 20 na tuhesabu unajaa kwa dakika ngapi. Hicho nacho ni kipimo. Tuwaulize wazee kila mmoja peke yake, wasije wakaigana. Tuombe ruhusa kabla ya kumrekodi mtu yeyote. Kazi ikiisha, wa kwanza kuitazama wawe akina mama wanaochota maji pale, ndipo tuipeleke kwa baraza la chifu. Wakisema tumekosea, turekebishe.

Filamu haipandi mti wala haileti mvua. Inachoweza ni kumzuia mtu kusema, "Sikujua." Basi wanafunzi wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa chemchemi zetu ungali mdogo, na wa kuuonyesha ni sisi tunaokunywa maji yake.