Redio ya Umma na Ushuru wa Soko la Chaka

Sokoni Chaka nilimkuta mama akipanga vitunguu kwa mafungu, redio ndogo ikining'inia kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda chake. Ilikuwa taarifa ya habari ya saa saba. Tukasikia rais alikuwa wapi, na mawaziri wamesema nini. Ilipokwisha akageuka: "Na ushuru wetu je, mwanangu? Mbona huo hawausemi?"

Ushuru wa soko haupangwi Nairobi. Hupitishwa na bunge la kaunti mjini Nyeri, safari fupi ya matatu kutoka Chaka. Tangu uchaguzi wa Machi 2013, zahanati, maji, masoko, chekechea na barabara za mashambani ni kazi ya kaunti 47, na Katiba ya 2010 inazihakikishia mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Madaraka yalishuka hadi Nyeri, lakini Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, bado linasikiliza zaidi Nairobi.

Wengi husema "redio ya serikali" wakimaanisha redio ya umma, na siwalaumu, maana historia ndiyo iliyowafundisha hivyo. Redio ya serikali husema yale wakubwa wanayotaka yajulikane. Redio ya umma hulipiwa na wote ili iulize kwa niaba ya wote. Kifungu cha 34 cha Katiba kinataka vyombo vya habari vya dola viamue vyenyewe vitangaze nini, visipendelee upande wowote, na viwape nafasi hata wanaopinga.

Nyeri iliwahi kuwa na kituo chake. Katika miaka ya 1950 utangazaji wa kikoloni ulikuwa na Sauti ya Mvita kule Mombasa, kituo cha Ziwa huko Kisumu, na kituo cha Mlima Kenya hapa Nyeri. Ilikuwa enzi ya hali ya hatari, watu wamefungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Kituo kilikuwa jirani yao, lakini kilisema kwa niaba ya waliochimbisha mitaro hiyo. Ndiyo maana sidai tu redio iletwe karibu.

Kisha ukaja mwaka 1964. Mwezi Julai shirika la KBC likataifishwa likaitwa Sauti ya Kenya. Kufikia Desemba serikali za majimbo nazo zilikuwa zimezikwa. Sioni hayo kama mambo mawili. Serikali iliyotaka amri zote zitoke mahali pamoja ilitaka na habari zitoke hapo hapo. Jina la KBC lilirudi mwaka 1989, mazoea hayakubadilika sana.

Wenzetu wamelitatua tatizo hili vipi? Zanzibar, yenye serikali yake ndani ya Muungano, ina shirika lake, ZBC, na ilianza televisheni zaidi ya miaka 20 kabla ya serikali kuanzisha ya Tanzania Bara. Hata hivyo, chombo kinachomilikiwa na serikali ya mahali kinaweza kumwogopa mkubwa wa mahali. Scotland ilipata bunge lake mwaka 1999, na ikangoja hadi Februari 2019 ndipo BBC ikaipa chaneli yake.

Kwetu pengo limezibwa na redio binafsi za Kikuyu, ambazo nazisifu kwa kuwa zimewapa wazee lugha yao hewani. Lakini zinaishi kwa matangazo ya biashara, na kaunti nayo hununua matangazo. Ni vigumu kumbana anayekulipa. Ofisi ya mawasiliano ya gavana nayo hutupa picha za gavana akikata utepe.

KBC tayari ina Coro FM kwa Kikuyu na Redio Taifa kwa Kiswahili. Kinachokosekana ni mwandishi anayeshinda katika bunge la kaunti, mshahara wake usipite kwa gavana wala kwa waziri. Kisheria makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili na kupitishwa kufikia 30 Juni. Katika msimu huo wa bajeti ningetaka mama wa vitunguu asikie, baada ya taarifa ya saa saba, kibanda kimependekezewa ushuru wa shilingi ngapi, mwakilishi wa wadi yake amesema nini, na kikao cha wananchi kitafanyika ukumbi gani, saa ngapi.