Bembea za umma katika ufuko wa Rye

Mfanyakazi wa mjini aliyeshinda wiki nzima kiwandani au ofisini ana haki ya kujiuliza, siku ya mapumziko inapofika, awapeleke wapi watoto wake. Wilaya ya Westchester, kaskazini ya jiji la New York nchini Marekani, ililijibu swali hilo kwa namna isiyo ya kawaida katika nchi inayosifu sana mali ya mtu binafsi. Ilijenga yenyewe kiwanja cha starehe, kikawa mali ya umma.

Kiwanja hicho huitwa Playland, nacho kiko katika mji mdogo wa Rye, kando ya mkono wa bahari unaotenganisha bara na kisiwa cha Long Island. Hapo awali palikuwa na viwanja viwili vya watu binafsi, na wakazi wa jirani walichoshwa na ghasia zake. Wilaya ikavinunua, na mwezi Mei 1928 ikafungua kiwanja kipya. Viwanja vingi vya aina hiyo vilikua ovyo, kibanda juu ya kibanda, kila mwenye mashine akipachika yake palipo na nafasi. Hapa wasanifu Walker na Gillette walichora mambo yote kabla ya ujenzi: njia pana yenye maua, mnara wa muziki, ziwa la mashua, ufuko wa kuogelea, na uwanja mkubwa wa kuegesha magari, kwani familia nyingi za Kimarekani zilikuwa zimeanza kumiliki magari.

Mwaka 1929 kikaongezwa kile kinachojulikana kuliko vyote, Dragon Coaster, reli ya mbao ambayo vigari vyake hupanda, hushuka kwa kishindo, kisha huingia katika kinywa cha joka. Upo pia mzunguko wa farasi wa mbao uliochongwa mwaka 1915, wazee kuliko kiwanja chenyewe. Ndugu msomaji, si ajabu mtoto wa leo kushika shingo ya farasi yule yule aliyeshikwa na babu ya mama yake. Mwaka 1987 serikali ya Marekani ilikitangaza kiwanja hicho kuwa kumbukumbu ya historia ya taifa.

Hata hivyo, mzazi hapimi kiwanja kwa historia yake. Mwaka 2004 mtoto wa kike wa miaka 7 alifariki katika mashine ya kuzungusha watu kwa kasi. Mwaka uliofuata mvulana wa umri huo huo alifariki katika safari ya mashua zipitazo gizani. Mwaka 2007 mashine ile ile ya kwanza ilimwua kijana mfanyakazi aliyekuwa akiihudumia, na ndipo ilipoondolewa kabisa. Vifo vitatu katika miaka mitatu, chini ya usimamizi wa wilaya. Mwenye kuamini kwamba neno "umma" peke yake ni kinga na atafakari hapo. Mwaka 2012 nayo bahari ilidai sehemu yake: tufani ya Sandy ilivunja njia ya mbao ya ufukweni na kufurika katika jumba la kuteleza juu ya barafu.

Gharama za matengenezo zikawa hoja ya wale waliotaka mwendeshaji binafsi. Mwaka 2015 wilaya ilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni moja. Mwaka 2019 wilaya ikataka kuuvunja. Mzozo ukafika mahakamani, pande mbili zikapatana, na mwishoni mwa mwaka 2021 kampuni ikakabidhiwa uendeshaji. Ardhi na majengo yalibaki ya umma wakati wote huo. Mwezi Januari 2025 kampuni ikajitoa, miaka mingi kabla ya mkataba kwisha, na pande zote zikalaumiana juu ya ukarabati na fedha.

Wilaya ilibakiwa na miezi michache tu kabla ya majira ya joto. Ilibidi itafute mafundi, iajiri vijana wa kuhudumia bembea, na kukagua mashine moja baada ya nyingine. Milango ilifunguliwa mwezi Mei, baadhi ya mashine zikiwa hazijawa tayari, na wazazi wakapanga foleni na watoto wao.