Shokapu za nyuma: kwa nini gari la zamani la kispoti huhitaji utulivu kuliko ugumu

Barabara za udongo zinazopanda na kushuka vilima vya Giteranyi, katika eneo la Muyinga kaskazini mashariki mwa Burundi, hazibagui magari. Teksi ndogo iliyotumika Japani na kuingia kupitia bandari ya Dar es Salaam hupita kwenye mashimo yale yale yanayopitiwa na lori la mizigo. Mvua inaponyesha, udongo huchimbika. Jua linaporudi, uso wa barabara hukauka ukiwa na mawimbi madogo yanayotikisa kila nati ya gari. Na mara nyingi sehemu inayolalamika kwanza ni nyuma, kwenye shokapu.

Mwenye gari la zamani hukabiliwa hapo na swali linaloonekana jepesi: shokapu za nyuma zikichoka, je, dawa ni kununua ngumu zaidi? Wengi hujibu ndiyo, kwa imani kwamba barabara ngumu hutaka chuma kigumu. Hata hivyo, historia ya magari ya kispoti yaliyoshindana katika barabara za Afrika Mashariki inaonyesha kwamba jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyobaki inaweza kugharimu gari, na hata maisha.

Springi hubeba, shokapu hutuliza

Watu wengi hudhani kwamba shokapu, au shokamzoba kama wengine wanavyoiita, ndiyo inayobeba uzito wa gari. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Gurudumu linapopanda jiwe, springi hubonyea na kutunza nguvu, kisha huirudisha. Kama hakuna cha kuizuia, gari litaendelea kudunda kama mpira, na kila linapodunda, tairi hupoteza mgusano na ardhi.

Kazi ya shokapu ni kuukomesha mdundo huo. Ndani yake mna pistoni inayopita katika mafuta. Pistoni hiyo ina matundu na valvu ndogo, na mafuta hulazimika kupenya humo kwa shida. Shida hiyo ndiyo inayogeuza nguvu ya mdundo kuwa joto, na joto hilo hutoka kupitia ganda la shokapu na kupotelea hewani.

Shokapu hufanya kazi katika pande mbili: inapobonyea na inapofunguka. Kwa kawaida watengenezaji huifanya iwe ngumu zaidi inapofunguka, kwa sababu wakati huo springi inairudisha nguvu yote iliyokuwa imeitunza. Inapobonyea huachwa laini kiasi, ili gurudumu lipande jiwe bila kuupiga mwili wa gari.

Hapa ndipo usalama unapoingia. Tairi lililo hewani halishiki breki, halishiki kona, wala halisukumi gari mbele. Dereva anayeshuka mlima huku magurudumu ya nyuma yakirukaruka ana breki nzima, lakini hana ardhi ya kuzitumia.

Datsun iliyoitikisa Safari

Hakuna mahali ambapo somo hili lilifundishwa kwa ukali kuliko katika mashindano ya Safari. Yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa mashindano ya kuyamaliza kwanza, kabla ya kuyashinda. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho.

Katika mashindano hayo Datsun 240Z ilijijengea jina. Gari hilo la Kijapani lilizinduliwa mwaka 1969: la viti viwili, boneti ndefu, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita, na nguvu yake ikipelekwa magurudumu ya nyuma. Kwa sura lilikuwa gari la lami. Lakini mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka uliotangulia, alishinda akiwa na Lofty Drews katika gari la aina hiyo hiyo. Ushindi wao ulikuwa mwembamba mno: walilingana pointi na Harry Källström, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine.

Mpaka leo magari ya kizazi hicho huonekana katika mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya magari ya zamani. Humo Datsun, Porsche 911 na Ford Escort hupita tena kwenye vumbi na mawe. Katika matayarisho yake, shokapu ni miongoni mwa vitu vya kwanza kubadilishwa.

Kwa nini nyuma? Katika 240Z tangi la mafuta na tairi la akiba vyote vipo nyuma. Mafuta yakijaa, nyuma huwa nzito. Yakipungua, uzito hubadilika. Magurudumu hayo hayo ndiyo yanayosukuma gari, hivyo yakidunda, gari hupoteza mwendo na mwelekeo kwa pamoja. Juu ya hayo, magurudumu ya mbele hurusha mawe kuelekea huko huko nyuma.

Joto, mapovu na barabara ya mawimbi

Adui mkubwa wa shokapu si shimo moja kubwa, bali mipigo midogo isiyokoma. Chukua mfano wa barabara yenye mawimbi yaliyoachana kwa sentimeta 70. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Maana yake ni kwamba kila gurudumu hupigwa takriban mara 20 kwa sekunde moja, na pistoni hupanda na kushuka kwa kasi hiyo hiyo.

Mafuta ya ndani hupata moto na kuwa mepesi. Katika shokapu ya kawaida yenye mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, hewa iliyomo huweza kuchanganyika na mafuta na kufanya mapovu. Pistoni ikipita kwenye mapovu haipati upinzani. Ndiyo maana gari linaweza kuanza safari likiwa limetulia, kisha baada ya nusu saa ya barabara mbovu likaanza kuyumba, na likipoa likarudia hali yake. Fundi anayelikagua asubuhi yake haoni kasoro yoyote.

Mhandisi Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alitafuta dawa ya tatizo hilo katikati ya karne ya 20. Shokapu yake ilikuwa na mrija mmoja, gesi yenye shinikizo ikiwa imetenganishwa na mafuta kwa pistoni ya pili inayoelea. Shinikizo huyazuia mafuta yasifanye mapovu, na kwa kuwa mrija ni mmoja, joto hutoka upesi zaidi. Baadhi ya magari ya mashindano huongezewa kikopo cha pembeni chenye akiba ya mafuta na gesi, ili joto ligawanywe katika mafuta mengi zaidi.

Hata hivyo, mrija mmoja una udhaifu wake. Ukipigwa na jiwe ukabonyea, pistoni inaweza kukwama papo hapo. Shokapu ya mirija miwili huvumilia zaidi, kwa kuwa ganda la nje hulinda mrija wa ndani. Kwa barabara ya mawe, basi, uamuzi si wa bei peke yake. Huenda kinga ya chuma au ya mpira mbele ya shokapu ikafaa kuliko jina maarufu lililoandikwa ubavuni mwake.

Kuboresha si kukaza

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mwenye gari huchoka na nyuma inayodunda, akanunua shokapu ngumu kuliko zote dukani. Siku ya kwanza gari huonekana limekaza na kutii. Lakini kwenye mawimbi mambo hugeuka.

Shokapu ikiwa ngumu mno inapofunguka, gurudumu huchelewa kurudi chini. Kabla halijafika ardhini, wimbi jingine limekwisha kulipiga. Hatua kwa hatua nyuma ya gari huvutwa chini, mpaka springi inakosa nafasi ya kubonyea na chuma kinagonga chuma. Ikiwa ngumu mno inapobonyea, pigo ambalo lingemezwa hupelekwa moja kwa moja kwenye mwili wa gari. Katika gari lenye zaidi ya miaka 40, ambalo kutu imeanza kula mabati yake, pigo hilo hupasua mahali shokapu ilipofungwa.

Kosa la pili ni la urefu. Wengi huinua gari kwa kuweka springi ndefu, kisha wakabakiza shokapu za urefu wa awali. Gurudumu likining'inia, shokapu hufika mwisho wake na kugeuka kamba inayozuia ekseli isishuke, mpaka inang'oka au kuvuja. Kwa gari lililoshushwa mambo ni kinyume: pistoni hugonga chini. Kwa hiyo kabla ya kununua, shokapu hupimwa ikiwa imefungwa kabisa na ikiwa imefunguka kabisa, kisha vipimo hivyo hulinganishwa na safari halisi ya gurudumu.

Kanuni ni kwamba springi na shokapu ni mke na mume. Springi ngumu hutunza nguvu nyingi zaidi, hivyo hudai shokapu yenye uwezo zaidi wa kuituliza. Springi laini hutaka shokapu ya kiasi. Kubadilisha kimoja bila kukifikiria kingine ni kuhamisha tatizo.

Kazi ya karakana

Katika Datsun 240Z shokapu ya nyuma haionekani kwa nje. Imo ndani ya mrija wa chuma uliozungukwa na springi. Juu, mrija huo umeshikwa na mwili wa gari kwa nati tatu. Chini umeungana na mkono wa gurudumu kwa pini ndefu. Pini hiyo ina sifa mbaya miongoni mwa mafundi, kwa kuwa baada ya miaka mingi hushikwa na kutu na kukataa kutoka. Fundi mwenye subira huilowesha kwa mafuta ya kulegezea kutu mapema, wala haanzi kwa nyundo.

Hatari kubwa zaidi ni springi yenyewe. Ikifunguliwa bila kifaa maalumu cha kuibana, huruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa au kuua. Kuifunga kwa waya au kamba si njia mbadala. Vivyo hivyo, shokapu kuukuu yenye gesi haipaswi kukatwa wala kuchomwa moto, kwa sababu shinikizo hubaki ndani hata kama nguvu yake ya kutuliza imekwisha.

Springi ikishatolewa, nati kubwa iliyo juu ya mrija hufunguliwa, mafuta ya zamani humwagwa, na shokapu mpya iliyofungwa kiwandani huingizwa. Mafundi wengi huongeza mafuta kidogo katika nafasi inayobaki kati ya shokapu na mrija, ili joto lipate njia ya kutoka.

Shokapu hubadilishwa mbili mbili, kulia na kushoto. Moja ikiwa mpya na nyingine imechoka, gari litatulia upande mmoja na kuyumba upande wa pili, hasa wakati wa kufunga breki. Bushi za mpira, vishikio vya juu na vipande vya mpira vinavyozuia chuma kugonga chuma hukaguliwa wakati huo huo. Bolti za bushi hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hubaki umejikunja na kuchanika upesi. Baada ya hapo mwelekeo wa magurudumu hupimwa upya.

Somo kwa gari la kila siku

Ni wachache wenye Datsun 240Z katika ukanda huu, na bei yake leo ni ya wakusanyaji. Lakini magari mengi yanayopita Giteranyi, Muyinga na Gitega yana hali inayofanana: yalitengenezwa kwa lami ya nchi nyingine, yamezeeka, na nyuma yake hubeba kuliko ilivyokusudiwa. Gari dogo linalojazwa abiria na magunia siku ya soko hupitia tofauti kubwa ya uzito kati ya kwenda na kurudi.

Dalili ni zile zile. Mafuta yakionekana ubavuni mwa shokapu, sili imekwisha. Tairi likilika kwa mabonde mabonde badala ya kulika sawasawa, limekuwa likidunda. Nyuma ikiendelea kupanda na kushuka baada ya tuta moja, utulivu umepotea. Kuibonyeza gari kwa mkono husaidia kugundua shokapu iliyokufa kabisa, lakini hakuonyeshi ile inayochoka ikipata moto. Hiyo hujulikana barabarani, baada ya safari ndefu.

Kwa asiye na fedha nyingi, mpangilio wa matumizi ni muhimu kuliko jina la bidhaa. Bushi mpya na shokapu mbili za kawaida zenye urefu sahihi zitamfaa kuliko shokapu moja ya bei kubwa iliyofungwa juu ya bushi zilizochakaa. Za mtumba hazina uhakika, kwa kuwa sili yake imezeeka pamoja na gari ilimotolewa. Na hakuna shokapu inayofuta kosa la kujaza mzigo kupita kiasi: uzito hubaki kuwa wa springi, ekseli na breki, na mteremko hauwi mfupi kwa sababu gari lina vipuri vipya.