Mvinyo Usiosafiri: Tembo la Mnazi, Simu na Setilaiti Kwale

Utalii wa mvinyo, yaani safari za kwenda kuonja kinywaji mahali kinapotengenezwa, huhusishwa zaidi na mashamba ya mizabibu ya Ufaransa na Afrika Kusini, ilhali Kwale, katika pwani ya kusini ya Kenya, kuna kinywaji kinachomlazimu mnywaji kukifuata kilipo zaidi kuliko mvinyo wowote wa chupa. Tembo la mnazi hugemwa kwa kukata kwa kotama, asubuhi na jioni, ncha ya karara, ambalo ni kole la maua lisilofunguka bado, ili utomvu wake mtamu udondoke kibuyuni. Hamira za asili huanza kugeuza sukari kuwa kileo kibuyu kikiwa bado mtini, na baada ya siku moja hivi bakteria wa siki hukifanya kileo hicho kuwa asidi, hivyo kwamba tembo la Msambweni la alfajiri si lile lile likifika Diani usiku.

Kwa sababu hiyo, ujumbe wa simu unaomjulisha mgeni saa ya kugema, pamoja na malipo ya M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007, unaweza kuwa na faida zaidi kuliko picha zozote za kuvutia mtandaoni, kwani humfikisha mnywaji kwa wakati na kumfikishia mgema pesa bila dalali.

Uendelevu ni suala gumu zaidi. Karara linalogemwa halizai nazi, na mnazi huo huo ndio unaotoa makuti ya kuezekea hoteli za watalii, mbali na kwamba hushambuliwa na chonga, mdudu atoboaye kilele chake. Ili kujua ni minazi mingapi inayoweza kugemwa, sharti kwanza ihesabiwe. Setilaiti za Sentinel-2, ambazo ya kwanza yake ilirushwa mwaka 2015, huigawa ardhi katika vipande vya mita 10 kwa 10, na ramani ya minazi duniani iliyochapishwa mwaka 2023 kutokana na picha kama hizo ilionyesha mashamba yaliyosongamana tu. Minazi ya Kwale, iliyotawanyika kati ya mihogo, mikorosho na miembe, hukwepa macho hayo kirahisi, na huenda ikahitaji ndege zisizo na rubani, kama zile zilizotumiwa kupima Zanzibar kuanzia mwaka 2016.

Isitoshe, Wadigo wengi ni Waislamu, na si haki kudhani kwamba kila kijiji kitafurahia wageni wanaokuja kulewa, ijapokuwa kwa Waduruma wa Kinango tembo lina nafasi yake katika harusi na matambiko. Kwa wasiotaka kileo, utomvu huo huo wa mnazi, ukizuiwa usichachuke, hunywewa ukiwa mtamu au huchemshwa ukawa sukari, lakini biashara hiyo haivumilii kuchelewa hata kidogo, maana utomvu uliokwisha kuanza kuchachuka haurudi nyuma, na saa iliyoandikwa simuni wakati kibuyu kinaposhushwa ndiyo itakayomwonyesha mnunuzi alichouziwa.