Spea za Foklifti Hutafutwa kwa Namba

Katika maghala ya Wilaya ya Rungwe, foklifti ikiharibika mizigo huhamia migongoni mwa vibarua na malori husubiri. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kilometa zipatazo 70, na Dar es Salaam ni karibu kilometa 900. Fundi anayesafiri akiwa na jina la mashine tu huweza kurudi mikono mitupu, au na spea isiyoingia. Je, tufanyeje?

Kwanza, tuelewe kwamba sehemu inayoendesha magurudumu, yaani giaboksi, gia, shafti, beringi na sili za oili, haitengenezwi yote na kiwanda cha foklifti. Beringi na sili nyingi ni za vipimo vya kimataifa, na hupatikana hata kwenye maduka ya spea za magari.

Pili, tusome namba. Beringi iliyoandikwa 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje milimita 52 na unene milimita 15. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zikizidishwa kwa 5 hutoa kipimo cha tundu. Alama za nyongeza nazo zinakiliwe: 2RS ni mpira pande zote mbili, ZZ ni bati. Sili iliyoandikwa 35x52x7 ni ya shafti ya milimita 35, tundu la 52 na unene wa 7. Namba ikiwa imefutika, tupime kwa vernia.

Tatu, gia hazina njia hiyo ya mkato. Hapo huhitajika modeli na namba ya mashine. Kibao kikiwa kimepotea, mara nyingi namba hiyo huwa imegongwa kwenye fremu. Tuhesabu pia meno ya gia. Krauni na pinioni zinunuliwe kwa pamoja, kwani zimesagwa zikutane; ukichanganya mpya na kuukuu, zote huliwa haraka.

Nne, tutafute chanzo. Sili inayovuja ya bei ndogo humaliza oili, na giaboksi kavu huua beringi na gia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunashauri kila kituo chenye mashine kiwe na daftari la namba hizi, liandikwe sasa, mashine ikiwa bado nzima.