Panya, Karanga na Uji wa Mtoto
Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa Uingereza baada ya kula mashudu ya karanga. Panya wa maabara walipochanganyiwa mashudu hayo katika chakula chao, wengi walipata saratani ya ini. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu.

Sisi wa Busi tusidhani hayo ni ya mbali. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi.

Basi, ndugu wasomaji, tuanike karanga juu ya turubai, tuchambue zilizoota ukungu na zilizosinyaa. Hizo mbovu (ambazo mara nyingi ndizo tunazosaga!) tusizitie katika uji wa mtoto. Wala tusimpe ng'ombe, maana sumu hutokea katika maziwa.